Nimefelishwa kwa jibu sahihi! Marefa wa basketi Lubumbashi tunapimwa kwa kitabu kilichokufa

Jambo yenu wote.

Nimekaa siku tatu bila kuandika, maana ningeandika siku ile ile ningetukana watu. Leo nimetulia kidogo, lakini hasira bado iko palepale.

Mimi ni refa wa basketi hapa Lubumbashi, huku kwetu tunasema arbitre. Huu ni mwaka wa sita nashika filimbi. Nimechezesha watoto Katuba, shule za Kamalondo, timu za vijana kule Kenya (ile komini yetu, siyo nchi), juu ya sementi iliyopasuka, jua la Oktoba likiwa utosini. Wiki iliyopita yalitoka matokeo ya mtihani wa kupanda ngazi, ule unaokufungulia mechi za wakubwa. Nimeanguka kwa alama 2. Nikaomba kuiona karatasi yangu. Wakanizungusha: njoo kesho, mwenye ufunguo hayuko, njoo Jumatatu. Nikaenda kukaa mlangoni na chupa yangu ya maji toka asubuhi mpaka wakachoka kuniona, wakanipa.

Swali la 11. Timu inatupa mpira, mpira unagonga chuma cha kikapu, unarudi, na timu ile ile iliyotupa inaudaka tena. Saa ya kushambulia, yaani muda ambao timu lazima itupe mpira kikapuni kabla haujaisha, inaanza upya na sekunde ngapi? Nimeandika 14. Kalamu nyekundu imelikata jibu langu, pembeni imeandikwa 24.

Ni 14 jamani! Ni 14 tangu 2014! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anafunga kamba za viatu mwenyewe na kuingia uwanjani kwenye mechi zangu za Jumamosi. Kifungu cha 29 cha kanuni za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, kila mwenye simu anaweza kukifungua akasoma. Alama zile za swali la 11 ndizo nilizokosa. Yaani hata bila kugusa kitu kingine, swali hilo moja tu lingenivusha.

Lakini kuna kingine, na hicho ndicho kinanikosesha usingizi.

Sehemu ya pili ya mtihani ni uwanjani. Unapewa mechi, mkubwa mmoja anakaa kando na daftari, anaandika. Mimi nilipewa mechi ya wasichana. Robo ya tatu, msichana mwenye namba 7 anakimbia kuelekea kikapuni, anapokea pasi katikati ya mwendo. Wakati mikono yake inaushika mpira, mguu wa kulia uko chini. Anaweka wa kushoto, anaweka wa kulia, anaruka, anafunga. Uwanja mzima ukalia: "Marshe! Marshe!", yaani ametembea na mpira. Mimi nikanyoosha mkono kwenye meza kwamba pointi 2 zimeingia. Sikupuliza, kwa sababu hakukuwa na kosa.

Niwaeleze wasiofuata mchezo huu. Tangu Oktoba 2017 kanuni ya kutembea na mpira ilibadilika. Mchezaji aliye katika mwendo, akiushika mpira huku mguu mmoja uko chini tayari, mguu ule hauhesabiwi. Hatua ya kwanza ni mguu unaotua BAADA ya kuushika mpira. Kisha ana hatua ya pili, na mpira lazima umtoke kabla hajaweka nyingine. Kwa hiyo jicho la refa linakwenda kwanza kwenye mikono, kujua ni lini hasa mpira umeshikwa, kisha linashuka miguuni. Ukianza kuhesabu miguu kabla ya kujua mikono imeshika lini, utapuliza makosa ambayo hayapo mechi nzima. Ni jambo gumu. Mimi nilijifunza kwa kutazama mechi za BAL, ligi ya basketi ya Afrika, kwenye simu, narudisha nyuma kipande cha sekunde 2 mara 20, mpaka kifurushi cha intaneti kinaisha. Hakuna mtu aliyenifundisha kwenye kozi.

Na kwenye fomu yangu ya uwanjani mkubwa ameandika hivi: "Hajui marshe."

Mimi? Sijui marshe?

Nikamfuata. Kwa heshima, jamani, mimi nimelelewa, mtu mzima simpandishii sauti. Nikamwambia, muzee, kifungu cha 25, hatua ile haihesabiwi tena. Akaniangalia, akasema: "Mama, siye tulianza kupiga filimbi mbele weye uzaliwe." Wenzake wawili wakacheka. Mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa sikilizeni. Muzee yule namheshimu, na nitaendelea kumheshimu. Alikuwa anatembea kwa miguu kwenda kuchezesha mechi wakati mimi sijui hata kudunda mpira. Akiingia uwanjani wachezaji wananyamaza, na hiyo siyo zawadi ndogo. Lakini kitabu alichonacho ni fotokopi ya fotokopi ya mwaka ambao hata jalada halionyeshi tena. Kurasa nyingine nusu ya mstari imeliwa na mashine. Na fotokopi hiyo hiyo ndiyo tuliyouziwa dola 5 kila mtu siku ya kwanza ya kozi, juu ya dola 20 za kujiandikisha! Wakati FIBA wanaweka kitabu kizima kwenye tovuti yao bure, na Kifaransa kipo! Na wanakirekebisha karibu kila miaka 2. Simu moja, kifurushi cha siku moja, mngetugawia wote 19 tuliokuwa darasani. Badala yake tumelipa ili tufundishwe mambo yaliyofutwa, halafu aliyejisumbua kutafuta yaliyo mapya ndiye anaanguka.

Na waliopita? Watu watatu. Siwasemi vibaya, wawili ni wazuri kweli na nimefurahi kwa ajili yao. Wa tatu asubuhi ya mtihani aliniuliza kwenye kibaraza sekunde 8 ni za nini. Nikamweleza, ni muda wa kuvusha mpira kutoka nusu yenu ya uwanja. Amepita. Ni mtoto wa dada wa mmoja wa waliotunga mtihani. Nimesema nililoliona, hukumu wekeni wenyewe.

Watu wanadhani refa anajifunza kwa kukariri kitabu. Kitabu ni mwanzo tu. Refa anajifunza kwa kuangaliwa na mtu anayejua, mtu huyo akamwambia baada ya mechi: pale ulisimama vibaya, pale ulipuliza ukiwa unakimbia, pale ulitazama mpira badala ya kumtazama beki. Kwa miaka 6 mimi nimeangaliwa mara 2 tu. Mara ya kwanza mwangaliaji aliondoka wakati wa mapumziko. Mara ya pili ni hii ya "hajui marshe."

Kosa langu kubwa kuliko yote nililionyeshwa na nani? Na kijana aliyekuwa anamrekodi mdogo wake kwa simu! Mechi iliisha, akaniita: "Yaya (huku kwetu ni dada mkubwa), njoo ujione." Nikajiona. Nimesimama kwenye mstari wa mwisho, nyuma kabisa ya mgongo wa beki, yeye na mshambuliaji na mimi tuko kwenye mstari mmoja kama watu wanaopanga foleni ya maji. Nitaona nini hapo? Mkono wa beki unapiga kifundo cha mkono cha mshambuliaji waziwazi, kila mtu anaona, mimi naona jezi tu. Mara 2 kwenye video moja. Na mimi siku zote nilikuwa nadhani wachezaji wanalalamika kwa ukaidi wao. Ilinibidi nisogee hatua 2 pembeni tu, nipate upenyo wa kuona nafasi kati ya miili yao. Hatua mbili! Miaka 4 nilikuwa nakosea kitu ambacho mwangaliaji mmoja mwenye kalamu angenionyesha mechi ya kwanza. Fikirieni wale watoto wa mechi zote hizo. Nilipoiona ile video niliumia, siwafichi.

Halafu tunaambiwa hatujakomaa.

Na mazingira yenyewe, sitaki kuyaongea sana. Kwenye viwanja vyetu vingi hakuna saa ya kushambulia, mtu wa meza anashika simu na kupiga kelele zikibaki sekunde 10. Tunachezesha wawili, maana pesa ya refa wa tatu haipo. Mimi navalia nguo za kazi nyuma ya ukuta huku mwenzangu ameshika kitenge. Falanga ya usafiri inakuja mwisho wa mwezi, au haiji. Haya yote nimeyavumilia miaka 6 bila kufungua uzi. Umaskini siwezi kumlaumu mtu. Ila kusoma kitabu cha sasa hakuhitaji utajiri.

Kuna mtu atasema, basi we puliza wanavyotaka wao, upite, ukifika juu ubadilishe. Nimeambiwa hivyo hata nyumbani. Siwezi. Mji huu ndiko alikozaliwa Bismack Biyombo mwaka 1992, na 2011 akawa wa 7 kuchaguliwa na timu za NBA, ile ligi kubwa ya Marekani. Jonathan Kuminga wa Goma naye akachaguliwa wa 7 mwaka 2021. Watoto wa Katuba wanajua hayo kuliko wanavyojua masomo yao, na kwenye simu za kaka zao wanaona mwendo ule wa miguu, wanaujaribu uwanjani kwetu, na sisi tunapuliza filimbi. Tunamnyang'anya mtoto mpira kwa sababu amefanya kitu sahihi! Baada ya mara tatu haujaribu tena. Siku akipata bahati ya kwenda kujaribiwa nje, atakuwa anacheza kwa hatua za zamani, na atashangaa mwenzake anayemkaba amempita vipi. Sisi marefa ndio tumemfundisha hivyo, filimbi moja baada ya nyingine.

Ngazi inayofuata baada ya hii, mafunzo yake tumeambiwa yatakuwa Kinshasa. Kutoka hapa ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa ndege, na tiketi unajilipia. Nilikuwa nimeanza kuweka akiba kwenye kopo tangu mwaka juzi, maana nilijua nitapita. Mwaka 2023 nilitazama basketi ya wanawake kwenye michezo ya Francophonie kule Kinshasa, nikawa namtazama refa tu, hata matokeo sikumbuki. Kila alipopuliza alikuwa amesimama tuli, ngumi juu, macho mbele, hana haraka. Nikasema moyoni, na mimi. Kopo bado liko chini ya kitanda.

Ninachotaka ni vitu viwili. Karatasi zote 19 zisahihishwe upya kwa kitabu kinachotumika sasa, siyo yangu peke yangu, maana kuna wenzangu walioandika 14 na wanaogopa kusema. Na fomu za uwanjani zirudishwe kwa wenyewe, kila kosa limeandikwa ni dakika gani na mchezo upi. "Hajui" siyo maelezo. Ukiniambia dakika ya 26, namba 7, nitakujibu au nitajifunza. Ukiniandikia "hajui" umenifunga mdomo tu.

NYONGEZA, jioni:

Nimesoma majibu. Ndugu wa Bukavu anayesema kwao ni vile vile, pole sana, na asante kwa kunijulisha siko peke yangu.

Uliyesema wanawake wachezeshe wanawake wenzao waache kelele: mechi niliyoangushwa nayo ilikuwa ya wanawake. Soma kabla ya kujibu.

Kaka wa Dar es Salaam aliyeuliza kama ni kweli nimewasilisha malalamiko kwa maandishi: ndiyo, barua ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, nimeambatanisha kifungu cha 25 na cha 29. Aliyeipokea aliisoma mbele yangu, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni mwa shati. Hakunipa muhuri wala sahihi. Kesho narudi na nakala ya pili na daftari la kupokelea, na sitoki mpaka litiwe sahihi.

Na wanaoomba ushahidi, nitaweka picha ya swali la 11 hapa hapa umeme ukirudi, simu imebaki asilimia 4. Jumamosi saa 3 asubuhi nina mechi ya watoto Katuba. Yule mwenye hatua zake za kwenye video nitamwacha afunge.