Zinalia simu mbili

*Kikundi cha familia, Jumapili jioni*

Kaka Mkubwa, 19:02
Habari za jioni nyote. Mama shikamoo. Zimebaki siku tisa. Kila mtu aseme anafika lini ili tupange vyumba. Najua ni sikukuu ya kwanza bila Baba, lakini tujikaze tufurahi, asingependa kutuona tumenuna.

Mama Mapacha, 19:04
Sisi na watoto tutafika siku moja kabla.

Mjomba, 19:06
Nipo, Mungu akipenda.

Kaka Mkubwa, 19:10
Jambo jingine. Namba ya Baba bado imo humu. Nafikiri niitoe, naona inawaumiza watu.

Dada, 19:10
Usiitoe.

Kitinda, 19:11
Kaka tafadhali usiitoe

Shangazi, 19:13
Hebu subirini kwanza. Mama yenu hajaandika neno humu wiki nzima, na anasoma kila kitu. Wifi yangu, u hali gani?

Mama, 19:31
Marahaba mwanangu. Mimi sitakuja. Furahini ninyi.

Mama, 19:38
Msinielewe vibaya, sina ugomvi na mtu. Simu ya baba yenu sijaizima. Iko upande wake wa kitanda pamoja na ile miwani yenye mkono alioufunga kwa uzi mwekundu. Kila mnapoandika humu zinalia simu mbili. Yangu kwanza, halafu yake, inachelewa kidogo. Tangu jana mnapanga sikukuu, zimelia mpaka nikazifunika na mto. Halafu naambiwa nijikaze nifurahi.

Kaka Mkubwa, 19:52
Mama nisamehe. Sikujua.

Mjomba, 19:55
Pole sana dada yangu. Ila sasa ni miezi saba. Nilisoma kwamba huzuni ina hatua tano, mtu anapanda moja baada ya nyingine hadi anakubali. Labda umekwama kwenye mojawapo, tukusaidie uvuke.

Binamu Nesi, 20:03
Shikamoo Mjomba. Naomba nirekebishe hapo, kwa heshima zote. Hizo hatua tano alizieleza daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Alikuwa anawaeleza wao. Baadaye watu wakazichukua wakazigeuza ngazi ya wafiwa, na mfiwa akionekana hapandi, anahesabiwa kuwa ana kasoro. Mama Mkubwa hajakwama popote.
Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza jambo ninaloliona kazini kila mara: mfiwa huenda na kurudi. Saa hii yuko na marehemu, ameshika nguo zake, analia. Saa inayofuata anahangaika na bili ambazo mwenzake ndiye aliyekuwa akizilipa, au anacheka na jirani. Kisha anarudi tena kwenye kilio. Huko kwenda na kurudi ndiko kunakomwezesha kuishi. Ukimlazimisha abaki upande wa furaha tu kwa sababu kalenda inasema sikukuu, unamchosha bure.

Mjomba, 20:06
Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Dada, nisamehe.

Mama, 20:11
Hakuna neno. Lakini mimi nilisikia ikipita miezi sita ni ugonjwa. Nimekaa na hilo moyoni.

Binamu Nesi, 20:17
Kumbe ndilo linalokusumbua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022 unautaja kweli ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu, na miezi 6 ndicho kipimo cha chini. Ila miezi peke yake haitoshi. Ni pale huzuni inapomkamata mtu kwa ukali, siku nenda siku rudi, hadi anashindwa kuendesha maisha yake. Wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani, kwa mtu mzima, wanahesabu angalau miezi 12. Kulia zaidi wakati huu wa sikukuu, wakati kila kitu kinakukumbusha yeye, huko ni kumpenda tu. Unakula? Unalala?

Mama, 20:20
Nakula. Maua yangu namwagilia. Usingizi ndio unakatika saa tisa usiku.

Binamu Nesi, 20:22
Nitakupigia kesho asubuhi tuongee habari ya usingizi. Na siku yoyote ukiona huna sababu ya kuamka, au ukatamani umfuate, usingoje kupambazuke. Nipigie saa hiyo hiyo.

Kitinda, 20:25
Juzi nilicheka sana kazini. Halafu nikajifungia chooni nikalia kwa sababu nilicheka. Sikumwambia mtu

Dada, 20:26
Mdogo wangu 😢 Ungeniambia. Mimi nalia kwenye gari, nikifika nyumbani nimeshanawa uso.

Mama Mapacha, 20:29
Mmoja wa pacha aliniuliza jana kama Babu atawaona wakicheza. Kabla sijajibu akaomba mpira wake akatoka mbio. Nikasema huyu hajali. Usiku nikamkuta amelala na kofia ya Babu.

Shangazi, 20:37
Na mimi niseme langu. Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wala baba wa mtu. Watu wanakwepa kumtaja mbele yangu, nikiingia mazungumzo yanabadilika. Wananionea huruma, najua, lakini nabaki peke yangu naye. Mtajeni. Nikilia, mniache nilie.
Wifi, usipokwenda nitakuja kukaa nawe. Ukitaka tuongee, tutaongea. Ukitaka kimya, tutakaa kimya.

Kaka Mkubwa, 20:44
Nafuta mpango wangu wote. Hakuna saa ya kufika, hakuna picha ya pamoja ya lazima. Mama, chumba cha nyuma ni chako, kinafungwa kwa ndani. Gari nitaliegesha limetazama barabarani. Ukisema "nirudishe" nachukua ufunguo, siulizi kitu. Hata kama ni dakika kumi baada ya kufika.
Na namba haitoki.

Kitinda, 20:51
*Ujumbe wa sauti, sekunde 11*
Huyo ni yeye, mwaka jana. Anauliza nani kachukua miwani yake

Dada, 20:52
Na iko juu ya kichwa chake ❤️

Shangazi, 20:53
Kaka yangu huyo. Nimeisikiliza mara nne.

Mama, 21:08
Imelia kwenye simu yake pia. Nimeifungulia hapo hapo kwake. Sauti yake kwenye simu yake. Nimelia, lakini sikuifunika.
Wifi, njoo siku moja kabla. Asubuhi tutaamka tuone. Nikija nitakuja na simu zote mbili, na nitakaa kadiri nitakavyoweza.

Shangazi, 21:09
Nakuja.

Mama, 21:12
Chaja yake imelegea, haishiki mpaka uikunje waya. Imebaki asilimia 14. Kitinda, ile yako inaingia kwenye simu yake?

Kitinda, 21:12
Inaingia Mama. Nakuletea kesho nikitoka kazini

Mama, 21:13
Basi pita ukae kidogo.