Je, kazi ya sanaa ya kisasa inaweza kubeba ibada?

Mchoraji wa Kibokoni:
Assalaam alaykum. Ahmed Mater, daktari na msanii wa Saudi Arabia, aliweka mchemraba mweusi wa sumaku katikati ya chenga za chuma, nazo zikauzunguka kama mahujaji wanavyoizunguka Kaaba. Nilipomwonyesha mjomba wangu picha yake, alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama hiyo ni ibada au mchezo wa sumaku. Mimi mwenyewe huchora herufi za Kiarabu kwa ajili ya kuuza, kwa hivyo swali lile limenikaa. Mnaonaje?

Mwalimu wa chuoni:
Waalaykum salaam. Nadhani mjomba wako aliuliza yanayotendwa, si yanayoonekana. Kombe, yaani aya za Kurani za kumtibu mgonjwa, huandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha maandishi yakaoshwa kwa marashi na mgonjwa akayanywa, na sahani ikabaki tupu. Uzuri wa hati haukuwa lengo, ijapokuwa mwandishi mwenye mkono mbaya hakupendwa. Ukiitundika sahani ile ukutani kabla ya kuoshwa, umehifadhi hati na kumnyima mgonjwa kombe lake.

Msomaji wa Likoni:
Nakubaliana na Mwalimu, lakini wapo wasanii wa leo wanaolijua hilo. Wolfgang Laib wa Ujerumani, aliyesomea udaktari, tangu 1975 humimina maziwa juu ya jiwe la marumaru lililochongwa likabonyea kidogo tu, hata huwezi kutambua jiwe linapoishia. Maziwa huchacha, kwa hivyo kila siku jiwe husafishwa na kumiminiwa mengine. Bila mkono huo wa kila siku, kazi haipo. Kanisa la Rothko kule Houston, Marekani, lenye michoro 14 ya mchoraji Mark Rothko, nalo huingiwa na watu wa dini mbalimbali wakasali.

Mjukuu wa Kaya:
Sisi Wagiriama tumeonja upande wa pili. Kigango, nguzo ya mti iliyochongwa, husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa gohu, chama cha wazee wenye heshima, na hakiondolewi hata mchwa wakikila. Hata hivyo vingi viliibwa, vikauzwa Marekani kama sanaa. Jumba moja la makumbusho la Denver lilikubali kurudisha 30.

Mchoraji wa Kibokoni:
Ahsanteni. Ndugu Mjukuu, kigango kikirudi na ukoo wake haujulikani, husimamishwa wapi, na ni nani mwenye haki ya kukisimamisha?