Naomba ushauri: kupima oksijeni ya vichanga sehemu za mwinuko

Habari za kazi wapendwa. Naombeni ushauri, hasa mlioko nyanda za juu.

Wodi ya wazazi hapa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, tunapima vichanga kwa oksimita (kifaa kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu) kutafuta kasoro kubwa za moyo kabla hawajaruhusiwa. Tunapima mkono wa kulia na mguu mmoja, mtoto akifikisha saa 24. Akisoma 95% au zaidi na tofauti isizidi 3, amepita. Chini ya 90% daktari anaitwa papo hapo. Katikati tunarudia baada ya saa moja, mara mbili.

Shida ni hao wa katikati. Wengi wanasoma 93 au 94, wananyonya vizuri, hawahemi haraka, mapigo ya kinena yanashikika. Tumeacha kile kibanio cha kidole cha watu wazima, tunafunga kihisi cha kichanga kwenye wayo, taa yake na jicho linalopokea mwanga vikitazamana. Tunapasha miguu joto, tunafunika mwanga, tunasubiri wimbi la mapigo kwenye skrini litulie. Namba hupanda kidogo tu, labda kwa sababu ya hewa nyepesi ya huku juu.

Eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) iko mbali na nauli ni mzigo. Lakini kumruhusu mtoto mwenye kasoro ya moyo, anayeishi kwa ule mshipa wa tangu tumboni utakaojifunga siku chache baadaye, kunatutisha sana.

Je, kwa mwinuko huu mmeshusha kiwango hadi ngapi, na mlikipataje? Na mama akiondoka kabla ya saa 24, mnapima mapema au mnamrudisha kesho yake?