Hoho ndani ya kitalu nyumba: majani machanga yanajikunja kwenda chini, naomba ushauri

Wakuu, shikamooni. Kitalu nyumba kipo Kisesa, Mwanza, mita 8 kwa 15, hoho zina wiki saba tangu zihamishwe, maji ni ya matone.

Majani ya kileleni yanatoka membamba na magumu, kingo zimejikunja kwenda chini, na mgongo wa jani una rangi ya shaba. Vitumba vinapukutika. Majani ya chini hayana shida, kwa hiyo sidhani ni mbolea. Vithiripi (wadudu wadogo wanaofyonza majani) navyo sivioni: vingekuwepo, jani lingejikunja kwenda juu na kuacha mikwaruzo ya fedha. Utando hakuna, hivyo utitiri mwekundu nimeuondoa kwenye orodha. Nashuku ule utitiri mdogo mweupe usioonekana bila lenzi.

Imepigwa imidakloprid (dawa ya wadudu) mara mbili, ushauri wa duka la pembejeo. Haikusaidia, na isingesaidia: utitiri si mdudu, dawa hiyo haiugusi.

Sasa nina abamektini (dawa inayoua utitiri) ya 1.8% na salfa ya unga wa kuchanganya na maji. Nifikirie mililita 10 za abamektini kwa lita 20, jioni, nikilenga vilele na chini ya majani, kisha nirudie baada ya siku saba kwa salfa? Wasiwasi wangu ni kwamba mchana ndani joto linapita nyuzi 35, na salfa kwenye joto hilo huunguza majani. Mafuta ya mwarobaini nimeyaweka kando, hayapatani na salfa.

Aliyewahi kuudhibiti utitiri huu huku Kanda ya Ziwa: vilele vilivyoathirika nivikate nichome, au vinapona?