Nyalenda, Kisumu: taa za barabarani za LED tumewekewa za nini kama usiku ni giza totoro?

Jana saa mbili usiku mamangu alitumbukia mtaroni chini ya nguzo ya taa. Chini ya nguzo kabisa! Alikuwa anatoka kuuza omena. Nilimkuta amepiga magoti kwenye tope, simu ameibana kwa meno ili tochi immulikie, anaokota omena moja moja na kurudisha kwenye beseni. Goti limechubuka, na gorogoro yake ya kupimia imebondeka.

Taa hizi tuliletewa kwa mbwembwe. Tukaambiwa zile za manjano za sodiamu zinakula stima sana, hizi nyeupe zinakula kama nusu tu, tena zinadumu saa 50,000. Sibishi, LED ni taa nzuri. Hapa kwetu kwenye ikweta usiku ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo saa 50,000 ni zaidi ya miaka 11. Zetu hazikumaliza hata msimu mmoja wa mvua. Nguzo ni saba: tano zimekufa, moja inapepesa, na ile ya karibu na steji inawaka mchana kutwa kwa sababu sensa ya kuizima kukipambazuka imeharibika. Hapo stima gani inaokolewa jameni?

Fundi wa mtaani kwetu amenieleza kwamba mara nyingi kinachokufa si LED yenyewe, ni draiva, kile kidude kinachotuliza stima kabla haijafika kwenye taa. Stima ikipanda ghafla au radi ikipiga karibu, draiva inaungua. Sasa nani analeta taa Kisumu, ukanda huu wa ziwa wenye ngurumo kila mara, bila kuzifungia kinga ya radi? Na draiva inabadilishwa, si lazima taa nzima itupwe. Nimeripoti mara tatu. Jibu ni lile lile: mkandarasi alishakabidhi kazi. Alikabidhi nini, giza?

Tena hata zilipokuwa zinawaka, mwanga wote ulielekezwa kwa magari, ambayo yana taa zake. Njia ya miguu tuliachiwa kivuli. Wasichana wa shule wanapita hapo jioni wameshikana mikono kwa woga.

Nguzo zote saba nimezipiga picha na kuandika namba zake. Kesho narudi ofisini nazo, na safari hii nataka kuonyeshwa dhamana ya hizo taa. Wa Nyalenda mlioko humu, tukutane steji saa tatu asubuhi twende pamoja.