Tupeane uzoefu: wenye kaeneo kadogo huku Marekani, dungu la kuwindia kulungu mnaliweka wapi?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za saa hizi. Mada hii ni ya sisi wachache tulioko huku Marekani tunaowinda kulungu kwenye vipande vidogo, eka 10, 20, 30 hivi, sio wale wenye ardhi ya kuzunguka na gari. Kila mtu aseme dungu lake aliweka wapi, kwanini, na ilikuwaje. Nasema dungu, yaani kile kijukwaa cha kukaa juu, maana ndo neno nililokua nalo, kwa bibi nilikaa juu ya dungu nikipiga debe kufukuza ndege kwenye mtama, huku nakaa juu ya dungu siruhusiwi hata kukohoa.

Naanza mimi. Niko kusini mashariki mwa Ohio, sehemu ya vilima na mabonde. Mimi na shemeji tuna eka 18. Barabara iko magharibi, katikati kuna kitambarare chenye mialoni myeupe, mashariki kule mwisho kuna kichaka kizito cha miiba ambacho ndo malalo yao mchana, na mpaka wa kusini unafuata kijito. Mwaka wa kwanza nikasema hili halina mjadala, mbegu za mwaloni zimejaa chini, mapito yamechimbika kama njia ya ng'ombe, nikapiga dungu la ngazi hapohapo katikati. Septemba mwisho kamera inanionyesha majike na watoto saa kumi na moja jioni, kweupe kabisa. Nikawa nakwenda kila nikipata nafasi, wiki moja nilipanda mara nne. Kufika katikati ya Oktoba picha zote ni za saa saba usiku, saa nane usiku. Mchana hakuna kitu, hata sungura.

Ilinichukua msimu mzima kuelewa. Upepo wa huku vuli mara nyingi unatoka magharibi na kaskazini magharibi, mimi naingia nikitokea magharibi, kwahiyo kila hatua harufu yangu inatangulia mpaka kwenye malalo kabla sijafika kwenye ngazi. Jioni nikishuka gizani nawakuta wanakula chini ya mialoni, wanapiga ule mkoromo wa pua wanakimbia mikia juu. Nilikuwa nawafundisha mwenyewe kwamba mahali pale pana mtu. Kwenye eka 500 kulungu akikushtukia anahamia bonde la pili bado yuko kwako, kwenye eka 18 akiruka hatua hamsini tayari ni wa jirani.

Mwaka wa pili nikaiacha ile mialoni kabisa, inauma lakini nikaiacha. Dungu nikalipeleka kona ya kusini mashariki, pale mapito ya kutoka kwenye miiba yanapokata kijito. Naingia kwa kutembea ndani ya kijito chenyewe na gambuti, kingo ziko juu hawanioni, maji yanafunika sauti za hatua, na upepo ukitoka kaskazini magharibi harufu yangu inaangukia shamba la jirani lililokwisha vunwa ambako mchana hakulali mnyama. Natoka kwa njia hiyohiyo. Nilikaa mara sita tu msimu mzima na upepo ukigeuka kusini siendi, nabaki nyumbani hata kama ni Jumamosi. Tarehe 9 Novemba, majira madume yanahangaika kutafuta majike, saa mbili na robo asubuhi likashuka dume la pembe zenye ncha 8 pua chini linafuata harufu, yadi 22, upinde wa kufyatulia. Nyama tuligawana familia tatu.

Kwahiyo swali langu la kwanza siku hizi sio wanapita wapi, ni je mimi naweza kuingia na kutoka bila wao kujua nilikuja? Haya karibuni.

Baharia wa Maine

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi kwetu Pemba, nimezaliwa kwenye ngarawa, huku niko Maine mwaka wa kumi na moja. Sina ardhi, kuna mzee wa Kimarekani ameniruhusu niwinde kwenye eka zake 12, namsaidia kupasua kuni.

Ndugu yangu wa Ohio kaligusa lenyewe. Ukitoka baharini huwezi kukosea hili, kila kitu ni joshini na demani. Mnyama akae joshini, wewe ukae demani, upepo umpite yeye kwanza ndo uje kwako. Basi. Lakini sisi tuliko karibu na pwani upepo haukai sehemu moja kutwa, siku za joto kidogo mwanzo wa msimu asubuhi unatoka bara, mchana unageuka unatoka baharini, dungu lililokuwa zuri saa moja saa tisa ni kama umepiga kengele. Mimi nikaamua kuwa na sehemu mbili ndogo, moja ya upepo wa kaskazini magharibi moja ya upepo wa kusini, na uamuzi naufanya kwenye gari, nachukua unga kidogo wa poda ya mtoto naupuliza natazama unavyokwenda.

Na usiutazame hapo ulipo tu, utazame mbali mpaka upotee. Kuna kitu bonde linafanya, jioni hewa ikipoa inateremka yenyewe kama maji, hata upepo ukiwa umelala, na asubuhi jua likipiga mteremko hewa inapanda. Nilikaa mwaka mzima kwenye bonde zuri ajabu, njia tatu zinakutana, sikupata kitu, unga nikiupuliza unazunguka unarudi kwangu. Nikasogea juu karibu na shingo ya kilima, hatua themanini tu, nikawa nawaona.

Halafu huku Jumapili hakuna kuwinda, sheria ya jimbo, kwahiyo nikipoteza Jumamosi kwa upepo mbaya naumia kweli. Lakini siendi.

Mkenya wa Texas

Niaje wasee. Mi niko East Texas, tulibuy na bro wangu acre 30, imekaa kama sanduku, jirani pande zote nne. Huku mambo ni tofauti kidogo, kwa shamba yako binafsi unaruhusiwa kuweka mahindi ya kuvuta kulungu, so kila mtu ako na ile pipa ya kurusha mahindi na saa yake. Wacha niwaambie ukweli, mahindi haikuchagulii mahali. Pipa yetu tuliweka kwa uwazi katikati, nguruwe pori wakaifanya yao, na madume makubwa wanakuja usiku tu. Tukasongesha dungu mbali na pipa kama yadi 90 hivi, ndani kwa miti, pale wanasimama kwanza kuangalia kabla watoke. Hapo ndo tumeua.

Lakini kitu nataka kusema ni mpaka. Huku Texas risasi yako ikivuka laini ya shamba kama huna ruhusa ya maandishi ya jirani, hiyo ni kesi, na hata mshale ni hivyo hivyo. Dungu letu la kwanza lilikuwa linaangalia fence. Siku moja nikakuwa na jike mzuri mbele yangu, nyuma yake yadi 40 ni fence, na nyuma ya fence naona bati ya mtu. Nikashusha bunduki nikatetemeka. Kesho yake tukalitoa hilo dungu, tukaliweka mpakani likiangalia ndani, na nyuma ya kila pahali tunaweza kupiga kuna mwinuko wa udongo unashika risasi. Pia pitia kwa jirani mapema kabla msimu, na kitu mkononi, umuulize mnyama akianguka kwake nifanye aje. Wetu sasa hutupigia simu mwenyewe akiona dume.

Na cheki jua. Dungu la asubuhi likiangalia mashariki utakuwa kipofu saa moja yote.

Mama wa Iowa

Jameni, miye niko huku Iowa na familia, natokea Uvira. Tuko na eka 9 nyuma ya nyumba, kandokando ni shamba kubwa ya mahindi ya jirani. Mahindi ikiwa imesimama kulungu wanalala mule ndani, wanakula mule, kwetu hawafiki. Siku ile mashine inavuna, kesho yake wote wako kwenye kamsitu ketu. Basi miye nafuata mashine ya jirani, sifuati kalenda. Nakaa na mtoto wangu mukubwa chini kwenye kibanda cha turubai, tunakiweka tangu mwezi wa nane na matawi juu yake, kwa sababu ukikiweka leo kesho watakikimbia, wanajua kitu kipya.

Sababu ya kukaa chini nawaelezea pia. Bwana yangu alianguka. Dungu lilikaa nje baridi mbili, mikanda haikubadilishwa, mti unanenepa mukanda unavutika. Alikuwa amevaa mkanda wa usalama mwilini lakini alikuwa hajaufunga kwenye mti, ndio alikuwa anapanda. Futi 14. Kifundo cha mguu na mbavu mbili, miezi mine bila kazi. Munaochagua mti, chagueni mti muzima, munyoofu, na kamba ya usalama ianzie chini kabisa, ujifunge ukiwa bado umekanyaga udongo. Mti mubaya mahali pazuri, acha.

Mkulima Moro

Mie niko Morogoro, siwindi, ila madungu nayajua, tunalinda mpunga. Nguruwe usiku haji moja kwa moja, anazunguka kwanza shamba lote mpaka aupate upepo wa aliyeko dunguni ndo aingie upande wa pili. Baba alikuwa anajenga mawili, analala leo hili kesho lile. Nimesoma hapa nimeona wanyama ni walewale.

Mwanzisha mada

Mama wa Iowa pole sana kwa bwana, na asante, leo nimempigia shemeji tunashusha mikanda yote wikiendi hii tunanunua mipya. Mkuu wa Moro, hilo la kuzunguka ndo hasa madume ya Novemba yanafanya, yanapita upande wa chini wa upepo wa malalo kunusa kama kuna jike ndani bila kuingia.

Baharia, nimechukua la unga. Kona yangu ya kijito iko chini bondeni na sijawahi kukaa pale jioni, asubuhi tu, sasa naanza kuelewa kwanini asubuhi inanipa na pengine jioni ingeninyima. Jumamosi nitakwenda pale saa kumi na moja bila silaha, na kopo la unga, nikae mpaka giza nione hewa inateremkia wapi. Nitaleta majibu hapahapa. Wengine endeleeni, hasa wa Minnesota na Wisconsin, mko wapi?