Tupeane uzoefu: mafaili ya sistimu yamefutwa, mashine imegoma kuwaka, ulitokaje?

Wakuu, mimi ni fundi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Naletewa sana laptopu ambazo mtu diski C imejaa, akaingia folda ya Windows akafuta futa, akizima na kuwasha anakuta skrini ya bluu. Kinachoniuma wengi wanafika wameshapigiwa Windows upya huko walikotoka na data zote zimeenda, hesabu za kikundi, picha za harusi, wakati mashine ilikuwa inatibika kabisa.

Naanza mimi. Mwalimu mmoja wa Uyole aliniletea yake, mdogo wake alifuta vitu ndani ya System32 (folda ya mafaili muhimu ya Windows) na matokeo ya wanafunzi yamo humo. Windows sikuigusa kwanza, nikachomeka flashi ya Ubuntu (sistimu nyingine, aina ya Linux) nikachagua ile ya kujaribu bila kuinstoo, nikanakili folda zake zote kwenye diski ya nje. Hapo roho ikatulia. Ndo nikaweka flashi ya Windows (iwe GB 8 kwenda juu), nikaingia upande wa kurepea, komandi promti (pale pa kuandika amri), nikapiga amri ya kukagua na kurudisha mafaili ya sistimu, sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows. Muiangalie sana hiyo D, ukiwa kule ndani herufi za diski zinaweza kubadilika, C unayoijua ikaitwa D, so piga dir kwanza uone folda ya Windows iko wapi. Mafaili yalirudi, ikawaka.

Mdau wa Mafinga: Kamwene wakuu. Ya ofisini kwetu ilikuwa inawaka ila programu hazifunguki, sfc ikasema imekuta ubovu na mengine imeshindwa. Tukapiga amri ya kutengeneza akiba ya mafaili ambayo sfc inachotea, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth halafu sfc tena, ikakubali. Muwe na bando maana inavuta mafaili kutoka mtandaoni.

Mdau wa Tukuyu: Mie Linux. Mwenzangu alifuta /boot yote (folda ya mafaili ya kuwashia) kwenye Ubuntu na umeme siku hiyo unakatika katika, bahati laptopu ilikuwa na chaji. Nikamwambia dada usizime hiyo mashine!! Kerneli (kiini cha sistimu) inayotembea iko kwenye RAM tayari, so tukainstoo upya linux-image kwa apt --reinstall, tukarudisha grub (programu inayoanzisha sistimu) kwa grub-install na update-grub, ndo tukaiwasha upya. Angezima mapema tungeanza kuhangaika na flashi.

Mdau wa Njombe: Fundi, na kama yaliyofutwa ni ya kwangu mwenyewe kwa Shift+Delete?

Fundi: Mkuu kama ni HDD (diski ya kuzunguka) zima sasa hivi usiendelee kuitumia, faili linakuwa limefutwa jina tu kwenye orodha, vilivyomo vipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Itoe, ifunge kwenye mashine nyingine upige PhotoRec (programu ya kuokoa mafaili), na unavyovipata usivihifadhi kwenye diski hiyohiyo. Ila kama ni SSD (diski ya chipu) sikudanganyi, TRIM (amri inayosafisha nafasi ya vilivyofutwa) ikishapita nafasi ni ndogo sana. Na kama ina BitLocker (kufuli la Windows la diski) tafuta ufunguo kabla hujaileta, mara nyingi uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, bila huo hata Ubuntu haisomi kitu.